Wimbo Ule wa Kwenye Video: Ulipie Nini, Usilipie Nini

Siku hizi ni shida kupata video isiyo na muziki chini yake. Mapishi ya pilau, tangazo la viwanja vya Kigamboni, ziara ya Serengeti, mahubiri, hata fundi anayeonyesha namna ya kufungua pampu ya maji: wote wameweka mdundo. Maneno husahaulika, mdundo ukabaki kichwani. Anayetaka kulijua jina lake ana njia nyingi, na karibu zote zinajinadi kuwa za bure. Bure hiyo ina bei zake: bando, chaji, nafasi kwenye simu, muda, ruhusa ya kipaza sauti, na mara nyingine fedha zinazokatwa kimyakimya kila wiki. Nimezilinganisha njia hizo kwa vigezo hivyo, na msimamo wangu nautoa mapema: mtu anayetaka jina la wimbo tu hana sababu ya kulipa hata senti. Hasara yake kubwa hutokana na kutumia njia isiyolingana na aina ya muziki anaoutafuta.

Kwa maana muziki wa kwenye video hauko wa aina moja. Upo wimbo uliotoka rasmi na kuuzwa mtandaoni. Upo muziki wa ghala, yaani ule unaotungwa makusudi ili watengeneza video waukodishe, ambao hata msanii wake hatafuti umaarufu. Upo wimbo wa kweli uliokimbizwa, ukavutwa au kupandishwa sauti mpaka mama yake mzazi asiutambue. Na upo wa zamani au wa mtaani, uliorekodiwa kwenye kanda au kwenye simu, ambao haujawahi kupelekwa popote. Programu za kutambua nyimbo ni hodari kwa kundi la kwanza. Kadiri unavyoshuka kwenye orodha hiyo, ndivyo zinavyozidi kukodoa macho.

Kabla ya kupakua chochote, soma. Kwenye YouTube fungua maelezo yaliyo chini ya video uyafikishe mwisho, maana huko kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja kimeandikwa na mwenye video: wapo wanaotaja muziki waliotumia kwa sababu masharti ya leseni yanawalazimisha. Kingine huwekwa na YouTube wenyewe, sehemu ya muziki yenye jina la wimbo na msanii, nayo hutokana na Content ID, mfumo ulioanza mwaka 2007 wa kulinganisha video zinazopakiwa na rekodi zilizosajiliwa na wenye haki. Ukiikuta sehemu hiyo, kazi imekwisha na hujatumia hata megabaiti moja ya ziada. Usipoikuta, usidhani wimbo hauna mwenyewe. Pengine haujasajiliwa tu.

Maoni ya watazamaji nayo ni mali. Video ikiwa na watazamaji wengi, mtu ameshauliza kabla yako. Kwenye kompyuta shuka kwanza chini ili maoni yafunguke, ndipo ubonyeze Ctrl na F na kutafuta neno “wimbo”, “song” au “music”. Ukiwahi kubonyeza kabla ya kushuka, utatafuta ndani ya maoni machache yaliyo juu tu. Kwenye TikTok gusa jina la sauti chini ya video. Ikiwa imeandikwa kuwa ni sauti asili ya akaunti fulani, usikate tamaa: orodha ya video nyingine zilizotumia sauti hiyohiyo itafunguka, na katika hizo hakosekani mmoja aliyeulizwa jina la wimbo akajibu.

Haya yote huchukua dakika chache. Nashangaa jinsi watu wanavyoyaruka.

Sasa tuje kwenye programu. Shazam ndiyo kongwe, na historia yake inafundisha kitu kuhusu bei. Ilipoanza Uingereza mwaka 2002 haikuwa programu ya simu janja, maana simu hizo zilikuwa bado hazijaenea. Ulipiga namba 2580, ukainua simu kuelekea spika, na jina la wimbo likaja kwa ujumbe mfupi. Gharama ilikatwa kwenye simu. Kila jina lilikuwa na bei. Apple walipoinunua mwaka 2018 waliondoa hata matangazo yaliyokuwa yameijaza. Kwa hiyo leo ni huduma isiyodai pesa wala kukutupia matangazo ya kamari katikati ya kazi, na hilo kwa simu zetu si jambo dogo. Faida ya Apple iko kwingine: jina likishapatikana, unaoneshwa mlango wa kwenda kulipia Apple Music. Mlango huo unaweza kuupuuza.

Namna inavyofanya kazi inaeleza nguvu na udhaifu wake. Simu husikiliza sekunde chache, ikachora ramani ya vilele vya sauti, yaani ni masafa gani yalisikika kwa nguvu na kwa wakati gani, kisha ikaunganisha vilele hivyo viwiliviwili kuwa alama kama za kidole. Alama hizo ndizo zinazotumwa kulinganishwa na hazina kuu. Ndiyo maana kelele za baa au sauti ya msimuliaji haziiangushi kwa urahisi: vilele vya kutosha vikisalia, jibu linakuja. Na ndiyo maana hula bando kidogo mno. Kuitazama tena video yenyewe kunakula zaidi, kwa kuwa video za YouTube kwa ubora wa kati humaliza mamia ya megabaiti kwa saa. Anayerudiarudia video mara kumi kusikiliza kiitikio ndiye anayejiumiza.

Ina jambo jingine linalowafaa wasio na bando muda wote. Ukiwa kwenye basi la Mbeya, skrini ya mbele inaonyesha video na mtandao umekatika huko Mikumi, bonyeza hivyohivyo. Shazam huhifadhi kipande ilichosikia na kukitafutia jina ukishapata mtandao.

Mwenye iPhone hahitaji hata kuipakua. Tangu toleo la iOS 14.2 la mwaka 2020, kitufe cha kutambua muziki kinaweza kuwekwa kwenye Kituo cha Udhibiti, kile unachokivuta kutoka pembeni mwa skrini, nacho husikia wimbo unaopigwa na simu hiyohiyo hata kama umevaa visikilizio. Kwa Android utapakua programu, lakini nayo ina namna ya kukaa juu ya programu nyingine ili itambue kinachopigwa ndani ya TikTok au YouTube. Hili linatatua ule usumbufu wa kuazima simu ya pili kwa jirani. Kuna pia kipengele cha kusikiliza mfululizo bila kubonyezwa; mimi hukizima. Kinafyonza chaji, na sioni sababu ya kipaza sauti kukaa wazi sebuleni siku nzima kwa ajili ya wimbo mmoja.

Google ni chaguo la mwenye simu iliyojaa. Ikiwa simu yako ni ya Android, programu ya Google ilikuja nayo, kwa hiyo hutafuti nafasi ya kuiweka. Gusa kipaza sauti, uliza ni wimbo gani, uache isikilize. Lakini sifa yake ya pekee ilikuja Oktoba 2020: unaweza kuuimba wimbo kwa mdomo uliofumba, au kuupiga mluzi, kwa sekunde 10 hadi 15, nayo ikakuletea orodha ya nyimbo zinazokaribiana, kila mmoja na asilimia ya kufanana. SoundHound, iliyoanza kwa jina la Midomi, ilikuwa imewatangulia kwa miaka katika kutambua sauti ya mtu anayeimba mwenyewe, na bado ipo. Toleo lake la bure lina matangazo. Kwa sasa sioni sababu ya mtu mwenye Google kuongeza hiyo, isipokuwa Google imeshindwa.

Tofauti ya Shazam na Google inaonekana vizuri ukichukua “Malaika”. Fadhili William ameurekodi, Miriam Makeba ameuimba, Boney M wameuimba, Angélique Kidjo pia, na hoteli za ufukweni kutoka Diani hadi Nungwi kila moja ina bendi inayoupigia watalii. Shazam hutambua rekodi, haitambui utungo. Ikiwa chini ya video kuna rekodi ya Makeba, itakuambia Makeba. Ikiwa ni bendi ya hoteli iliyorekodiwa na mgeni kwa simu yake, itanyamaza au itabahatisha. Google kwa upande wake huufuata mkondo wa sauti zinavyopanda na kushuka bila kujali nani anaimba wala ala gani inapigwa, kwa hiyo itakupa “Malaika” hata ukiimba wewe mwenye mafua. Ila haitakuambia ni bendi gani ya hoteli. Basi ukitaka rekodi, anza na Shazam. Ukitaka utungo, au huna tena video na umebaki na kumbukumbu, anza na Google.

Anayefanya kazi kwenye kompyuta ana viongezi vya kivinjari kama kile cha Shazam yenyewe au AHA Music, vyote vya bure, vinavyosikiliza sauti moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa uliofunguliwa. Ubora wake ni kwamba kelele za chumbani haziingii.

Kundi lililokimbizwa ndilo linalowatesa vijana. Mtu huchukua wimbo, akauongeza kasi kwenye CapCut, sauti ikapanda ikawa ya mtoto, akaubandika. Zile alama za kidole zinategemea muda na masafa. Ukivibadilisha vyote viwili, alama hazifanani tena. Wengi hujaribu kupunguza kasi kwenye YouTube yenyewe hadi 0.75, wanashangaa hakuna kitu. Sababu ni kwamba YouTube hupunguza mwendo bila kushusha sauti, hivyo nusu ya uharibifu inabaki palepale. Dawa ni Audacity, programu ya bure ya kompyuta, kwenye kipengele cha kubadili kasi kinachogusa mwendo na sauti pamoja. Hesabu yake ni ya kugawanya: wimbo uliokimbizwa mara 1.25 unarudi mahali pake ukiupiga kwa 0.8, uliokimbizwa mara 1.5 unarudi kwa karibu 0.67. Huijui kasi iliyotumika? Sikiliza sauti ya mwimbaji mpaka ifanane na ya mtu mzima. Kwa bahati nzuri lebo nyingi zimeona soko na sasa zinatoa zenyewe matoleo yaliyokimbizwa, hayo Shazam huyakamata.

Singeli ni mtihani wa pekee. Midundo yake huvuka 200 kwa dakika tangu studio, madijei wakaiongeza tena, na biti moja hupita mikononi mwa wasanii wengi. Hapo hata jibu likija, lishuku.

Maneno yakiwa mengi mno juu ya muziki, tafuta upenyo: mwanzo kabisa kabla msimuliaji hajaanza, pale anapobadili mada, na sekunde za mwisho. Kama hakuna upenyo, zipo programu za kutenganisha sauti ya mtu na ala. Spleeter ya kampuni ya Deezer, iliyotolewa 2019, na Ultimate Vocal Remover zote ni bure lakini zinahitaji kompyuta yenye nguvu na mtu mvumilivu. Moises inafanya kazi hiyo kwenye simu, bure kwa kiwango fulani, kisha inadai malipo. Kwa wimbo mmoja kiwango cha bure kinatosha. Usijiandikishe kwa mwezi.

Muziki wa ghala una tabia zake. Ni ala tupu, gitaa la furaha au piano ya huzuni, hauna mwanzo wala mwisho wa kukumbukwa, na umeusikia kwenye video tatu zisizohusiana. Hapo hazina za kuziangalia ni chache. Maktaba ya Sauti ya YouTube ni ya bure. Kevin MacLeod wa Marekani ameweka wazi mamia kwa mamia ya tungo zake kwa sharti la kutajwa jina, na “Monkeys Spinning Monkeys” wake umesikika kwenye video za vichekesho za dunia nzima bila watu kujua kuwa una jina. Epidemic Sound ya Sweden huzipeleka nyimbo zake pia kwenye majukwaa ya kusikiliza, hivyo Shazam mara nyingi huzijua. Artlist na wengineo hukuruhusu kusikiliza bila kulipa, ukachuja kwa hisia, ala na mwendo. Kulipia ni kwa ajili ya kuutumia muziki. Kuutafuta ni bure. Anayekuambia ulipe kwanza ndipo akuoneshe jina, mkimbie.

Tahadhari kuhusu majibu ya kundi hili. Kwa kuwa biti na vipande vya ghala vinauzwa kwa kila mtu, msanii fulani wa nchi usiyoijua anaweza kuwa amerap juu ya kipande hichohicho akakisajili kwa jina lake, na Shazam ikakuletea yeye. Dalili ni hii: wimbo ulioletwa una maneno, wa kwenye video hauna.

Kisha kuna muziki wetu wa zamani, na hapa pesa haisaidii. Si kwamba wote umepotea: mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa umekusanya taarab na muziki wa pwani, na rekodi hizo hupatikana kidijitali, kwa hiyo kundi la taarab la Ikhwani Safaa likisikika chini ya video ya mitaa ya Mji Mkongwe, unaweza kupata jibu. Lakini rekodi nyingi za Radio Tanzania Dar es Salaam hazikuwahi kuuzwa, na zile zinazozunguka zimetolewa kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, kasi ikayumba njiani. Nyimbo za kwaya zina tatizo jingine: nyingi huishia kwenye chaneli ya kwaya yenyewe, bila msambazaji. Andika maneno machache ya kiitikio kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube, kwa tahajia ya kawaida. Njia hii haina ustadi wowote, na kwa nyimbo za Kiswahili imenifaa kuliko programu zote.

Maneno yasiposikika, tumia watu. Kata kipande cha sekunde 20 au 30, kitume kama sauti kwenye kundi la WhatsApp lenye wazee wa zilipendwa, na useme ulikisikia wapi. Gharama yake ni kilobaiti chache na salamu. Mzee mmoja aliyecheza dansi enzi za NUTA Jazz atakutajia bendi, mpiga solo, na ugomvi uliowatenganisha, na huo ugomvi hukuuliza. Kwa nyimbo za ughaibuni kuna tovuti ya WatZatSong na makundi ya Reddit, ambako watu hujibu kwa raha zao. Uvumilivu wao unatisha: wimbo mmoja ulionaswa kutoka redio ya NDR ya Ujerumani miaka ya 1980 ulitafutwa mtandaoni tangu 2007 na kupatikana Novemba 2024, ukawa ni “Subways of Your Mind” wa bendi ya FEX ya mji wa Kiel. Shazam haikuwa na la kusema. Aliyeufungua ni mtu aliyepekua magazeti ya zamani.

Sasa mitego, kwa sababu hapo ndipo fedha hutoka. Kwenye maduka ya programu kuna nyingi zinazofanana na Shazam kwa rangi na jina, zinazotoa “siku 3 bure” kisha zinakata kila wiki kwenye kadi au salio. Kufuta programu hakusitishi makato. Lazima uingie kwenye usajili wa akaunti yako ya Google au Apple ukaukatishe huko. Kuna na tovuti zinazotaka ubandike kiungo cha video, halafu zinakuletea faili la kupakua badala ya jina la wimbo. Kitambuzi cha nyimbo kinahitaji kipaza sauti, basi. Kikidai orodha ya majina ya simu au ujumbe wako, kinatafuta kitu kingine.

Kuna msomaji mmoja ambaye kwake kulipa kuna maana: mpiga video wa harusi, mwenye duka anayejitangaza, mtu wa chaneli. Yeye hatafuti jina kwa raha, anataka kuutumia wimbo, na kujua jina hakumpi haki hiyo. Kwenye YouTube, wimbo ukitambuliwa na Content ID mara nyingi video inabaki lakini mapato ya matangazo yanakwenda kwa mwenye haki. Onyo la hakimiliki ni jambo zito zaidi: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Kwenye TikTok, akaunti ya biashara haipewi nyimbo zote zinazovuma, inapewa maktaba ya muziki wa kibiashara tu; ndiyo maana wimbo ulioufurahia kwenye video ya rafiki unakosekana kwenye simu ya duka.

Kwa mtu huyo naona ngazi mbili. Anayetoa video moja mbili kwa mwezi atumie Maktaba ya Sauti ya YouTube au tungo za MacLeod, ataje jina kwenye maelezo, amalize. Anayetoa kila wiki kwa wateja mbalimbali ndiye wa kujiunga na Epidemic Sound au Artlist, na asome kwanza kifungu kinachosema video zilizokwishatoka zinakuwaje usajili ukikoma, na kama leseni inagusa kazi za wateja au chaneli yake tu. Vifurushi vya bei ya chini mara nyingi ni vya chaneli binafsi. Bibi harusi akishikilia kuwa lazima awe na wimbo wa staa fulani anaouimba kila mtu, mhariri amkabidhi nakala ya kutazama nyumbani ikiwa na wimbo huo, atengeneze nyingine ya mtandaoni yenye muziki wa leseni, na kazi hiyo ya pili aiandike kwenye ankara kwa mstari wake.